Farasi Mzima wa Kuogopwa

Msomaji wetu mmoja, saisi kwenye banda la farasi wa Kiarabu nje ya Muscat, ameleta swali lililonifurahisha kupita kiasi. Mwajiri wake alitaka kununua farasi dume kutoka Ulaya, mwenye nasaba ya kutajwa barazani. Dume ananawiri, anakula, manyoya yanang'aa, na vipimo vya damu vinaonyesha kwamba aliwahi kuugua ugonjwa fulani wa virusi akapona. Ajabu ni kuwa ununuzi umesimama kwa sababu ya kupona huko huko. “Aliyepona si ndiye salama?” anauliza saisi wetu. “Mtoto akishaugua surua, imekwisha. Huyu farasi ana nini?”

Ana testosteroni. Jibu ni hilo, na yanayofuata yote ni ufafanuzi wake.

Dalili za ugonjwa huu nitazipita mbio, kwani hazina la kusisimua na zinafanana na za magonjwa mengine mengi ya farasi: homa, macho mekundu yanayotiririka machozi, miguu kuvimba, vipele, uchovu. Wengi hawaonyeshi hata dalili moja, na farasi mkubwa kufa ni nadra. Hasara iko kwenye kizazi. Jike mwenye mimba anaweza kuitupa, tangu miezi ya mwanzo hadi mwezi wa kumi, wakati mimba ya farasi huchukua takriban miezi kumi na moja. Kichanga akizaliwa na virusi mwilini, nimonia humwahi. Shamba linaloishi kwa kuuza watoto wa farasi linaweza kupoteza zao la mwaka mzima ndani ya wiki chache.

Jina la ugonjwa limenitoa jasho. Wataalamu huuita kwa maneno marefu yenye maana ya uvimbe wa ateri za farasi uletwao na virusi. Nilitaka kufupisha niseme “homa ya mshipa”, nikakumbuka wasomaji wangu wa Tanga na Lamu. Pwani, mshipa ni ngiri. Ukisema fulani ana mshipa hakuna atakayewaza damu, wote watatazama chini ya kiuno. Balaa zaidi ni kwamba dume mwenye ugonjwa huu kweli huvimba mfuko wa korodani kwa siku kadhaa, kwa hiyo msomaji angepotea njia na bado akaamini amefika. Basi tuseme ateritisi, yaishe. Na dume aliyepona lakini akabaki na virusi nitamwita mchukuzi, kwa kuwa mzigo alionao haumdhuru yeye bali humfikia mwingine.

Virusi vya ateritisi vilipatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1953 katika mapafu ya kijusi cha farasi kilichotupwa, kwenye shamba la farasi wa aina ya Standardbred huko Bucyrus, mji mdogo wa jimbo la Ohio nchini Marekani. Ni virusi vya RNA, na katika mpangilio wa wanasayansi vimo kwenye oda moja na virusi vya korona, ingawa jenomu yake ni fupi kuliko nusu ya ile ya korona: herufi takriban 12,700. Lakini miaka sitini na zaidi kabla ya Bucyrus, mwishoni mwa karne ya 19, madaktari wa mifugo wa Uingereza walikuwa wameshaandika kuhusu jambo lililowatatiza. Dume asiye na dalili yoyote anapelekwa kupanda majike, na baada ya siku chache majike wanashikwa na homa na macho mekundu. Hawakuwa na darubini ya kuona virusi, lakini kidole walikielekeza mahali sahihi kabisa.

Ateritisi ina njia mbili za kusafiri, na kila njia ina kazi yake. Ya kwanza ni pumzi. Farasi mgonjwa hutoa virusi kwa pua kwa muda wa wiki moja au mbili, na farasi wanaokaa karibu karibu huambukizana haraka. Njia hii ina kasi, lakini haina maisha marefu. Wagonjwa wote wakishapona, virusi vinakosa pa kwenda na mlipuko unakufa wenyewe. Ya pili ni manii. Hii ina mwendo wa pole, lakini ndiyo inayovusha virusi kutoka msimu mmoja wa kupandisha hadi mwingine, na kutoka bara moja hadi jingine. Mchukuzi akimpanda jike asiye na kinga, uwezekano wa kumwambukiza ni asilimia 85 hadi 100. Jike yule hurudi bandani, na wiki moja baadaye anaanza kupumulia wenzake virusi. Manii yamekabidhi kijiti kwa pumzi.

Kwa hiyo ukitaka kujua ateritisi inaishi wapi pale ambapo hakuna farasi hata mmoja anayeumwa, usitafute kwa majike. Jike akipona, amepona. Usitafute kwa dume aliyehasiwa, wala kwa mtoto wa kiume ambaye hajabalehe. Yumo mmoja tu, dume aliyekomaa. Kati ya madume waliokomaa wakaambukizwa, asilimia 10 hadi 70 hugeuka wachukuzi. Wengine huviacha virusi baada ya wiki au miezi, wengine hukaa navyo miaka, na wapo wanaozikwa navyo. Muda wote huo pua ni safi, damu ni safi, mkojo ni safi. Manii tu ndiyo yenye virusi.

Hapa ndipo mimi huanza kusugua viganja. Kwa nini dume, na kwa nini pale?

Chukua nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, yenye vyumba vya mbele, ukumbi katikati na uani nyuma. Virusi vinaingia kwa mlango wa mbele, yaani puani, na kutawanyika vyumbani. Sungusungu wa mtaa, ambao ni kinga ya mwili, wanaamshwa. Wanapiga filimbi, wanakusanyana, wanafukuza chumba kwa chumba, na kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja nyumba ya mbele haina mwizi. Ikiwa nyumba hii ni ya jike, hadithi imeisha. Kwenye nyumba ya dume kuna chumba cha ziada uani, na chumba hicho kina LUKU yake, yaani mita yake ya umeme wa kununua uniti.

Chumba hicho ni sehemu ya mwisho ya mrija wa manii, karibu na kibofu, ambapo mrija unanenepa kabla ya kumwaga kilichomo. Kwa farasi dume sehemu hii ni nene kweli kweli, na ndiyo wanasayansi waliyoikuta na virusi vingi zaidi walipochunguza viungo vya wachukuzi. Mfumo mzima wa uzazi wa dume unajengwa na kuendeshwa na testosteroni, na chumba hiki kimo ndani ya mfumo huo. Testosteroni ndiyo uniti za umeme. Ikiwamo, taa zinawaka na mpangaji anakaa.

Unajuaje kwamba ni umeme, wala si chumba chenyewe? Unakata umeme uone. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky walifanya hivyo na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Walichukua madume wachukuzi wakawahasi. Baadhi wakawadunga testosteroni, wengine wakawadunga dawa bandia isiyo na kitu. Waliopewa dawa bandia waliacha kutoa virusi. Waliopewa testosteroni waliendelea kutoa virusi kama vile hawajaguswa. Wote korodani zimeondoka na wote chumba cha uani bado wanacho. Tofauti ni kwamba hawa wa pili walinunuliwa uniti dukani. Sijui majaribio mengi yenye jibu lililonyooka namna hii.

Jaribio jingine la timu ya chuo hicho hicho lilitazama upande wa pili, madume ambao hawajabalehe. Waliambukizwa makusudi, virusi vikaingia hata kwenye viungo vyao vya uzazi, lakini havikuweza kukaa humo kwa kudumu. Chumba kipo, umeme haujaunganishwa.

Basi mtu atasema sungusungu hawajui kama kuna chumba uani. Hata mimi niliyaamini hayo, mpaka timu ya Udeni Balasuriya kwenye kituo cha Gluck cha chuo hicho ilipoanza kupekua chumba chenyewe kwa karibu. Walikuta sungusungu wamejaa humo! Seli za kinga zimejazana kwenye ukuta wa mrija, kingamwili dhidi ya virusi zimo ndani ya manii yenyewe, na bado virusi vinatoka. Walipotazama ni seli zipi hasa zinazovibeba, waliona kwamba tabaka la juu la tezi, ambalo mtu yeyote angelishuku kwanza, halina kitu. Virusi vilikuwa kwenye seli za tishu ya chini, na vingine vilikuwa ndani ya limfosaiti, yaani ndani ya sungusungu wenyewe. Mpangaji amejificha katika magwanda ya waliokuja kumkamata.

Tena ana filimbi. Kuna protini iitwayo CXCL16 ambayo kazi yake ya halali ni kuita limfosaiti zije mahali penye matatizo. Kwa wachukuzi wa muda mrefu, filimbi hii inapulizwa bila kukoma kwenye mrija ule ule. Kila inapolia, sungusungu wapya wanakuja. Wakifika, baadhi yao wanakuwa makazi mapya, na waliosalia huchoka kama anavyochoka mtu anayelinda lango kwa mwaka wa tatu bila kupokewa zamu. Watafiti waliona hata jeni zinazowasha breki za seli hizo zikifanya kazi kwa nguvu.

Na hii hapa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Filimbi hiyo hiyo ni mlango. CXCL16 hukaa pia juu ya ngozi ya seli, na virusi hivi huweza kuishika na kuingilia hapo. Farasi wana matoleo mawili ya jeni ya protini hii, na tofauti kati yao ni asidi amino nne tu. Toleo moja hushikika na virusi, jingine halishikiki. Mwaka 2016 timu hiyo ilionyesha kwamba madume wenye toleo linaloshikika ndio walio katika hatari kubwa ya kuwa wachukuzi wa muda mrefu. Asidi amino nne katika protini moja ndizo zinazosaidia kuamua kama dume atapona kabisa au ataambukiza majike kwa miaka kumi.

Jinsi ateritisi inavyogusa kizazi na fedha kwa pamoja ilionekana wazi katika mlipuko wa mwaka 1984 jimboni Kentucky, kitovu cha ufugaji wa Thoroughbred, jamii ya farasi wa mbio ambao ndio wanaokimbia hata pale Ngong, Nairobi. Thoroughbred ana sheria moja ya ajabu: hakubaliki kwenye daftari la nasaba ila awe amezaliwa kwa dume kumpanda jike ana kwa ana. Uhimilishaji hauruhusiwi. Dume mmoja mashuhuri anaweza kupanda majike zaidi ya mia katika msimu mmoja, na majike hao hurudi kwenye mashamba tofauti. Mlipuko wa 1984 ulipita shamba hadi shamba, nchi kadhaa zikazuia farasi wa Marekani, na hofu hiyo ndiyo iliyowapa watafiti Peter Timoney na William McCollum sababu ya kufuatilia kwa undani madume waliopona. Miaka miwili baadaye walichapisha ushahidi wa wazi kwamba mchukuzi yupo na kwamba hubaki hivyo baada ya maambukizi ya kawaida ya shambani.

Usidhani uhimilishaji ungeokoa jahazi. Virusi hivi vinapenda baridi. Manii yaliyopoozwa na kusafirishwa kwa ndege, au yaliyogandishwa kwenye naitrojeni ya majimaji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, hufika na virusi vikiwa hai. Mwaka 2006 ateritisi ilizuka kwenye shamba la farasi wa aina ya Quarter Horse huko New Mexico, na ikaingia majimbo mengine ya Marekani, manii yaliyosafirishwa yakiwa miongoni mwa njia zake. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Normandy, Ufaransa, na huko pia uhimilishaji ulihusika. Dume hakutoka bandani kwake. Virusi vyake ndivyo vilivyopanda gari.

Ukishaujua mfumo wa chumba cha uani, kinga inajipanga yenyewe.

Kwanza, mjue mchukuzi. Dume hupimwa damu. Akikosa kingamwili, hajawahi kukutana na virusi, mambo yameisha. Akiwa nazo na hana cheti cha chanjo, damu haiwezi kusema zaidi: mchukuzi anazo, na aliyepona kabisa anazo. Hapo ndipo alipofikia dume wa saisi wetu. Lazima manii yake yapelekwe maabara, hasa ile sehemu yenye mbegu nyingi, kwa kuwa ndiyo hutoka pamoja na yaliyomo katika mrija ule mnene. Pasipo na maabara ya uhakika kuna njia ya kizamani: dume anapandishwa kwa majike wawili wasio na kingamwili, kisha wanapimwa damu baada ya siku 28. Damu yao ikibadilika, dume ameumbuka.

Pili, fanya uamuzi juu yake. Kumhasi kunamaliza kazi, uniti zinakwisha na ndani ya wiki chache mpangaji anahama. Lakini hakuna mwenye dume wa thamani ya majumba anayelisikia neno hilo kwa furaha. Wapo waliojaribu chanjo na dawa za kuzima kwa muda homoni zinazoamrisha korodani. Utoaji wa virusi hupungua au hukoma, kisha dawa ikiisha taa zinawaka tena. Ni njia ya kuvutia kisayansi, ila mjanja anaweza kuitumia kumsafisha mchukuzi siku ya kupimwa, auze, aondoke. Uingereza haina mchezo katika hili: tangu mwaka 1995 ateritisi kwa dume ni ugonjwa wa kutolewa taarifa serikalini kwa sheria.

Njia ya kati ipo, na inafanya kazi. Mchukuzi anaruhusiwa kuendelea kuzalisha, mradi kila jike anayepelekwa kwake awe na kinga tayari, ama ya chanjo ama ya kuugua zamani. Jike aliyechanjwa na kupandwa na mchukuzi kwa mara ya kwanza hutengwa wiki tatu, kwani anaweza kutoa virusi kwa siku chache licha ya kinga yake. Matandiko na vyombo vya mchukuzi visichanganywe na vya wengine, maana tone la manii kwenye nyasi linatosha kuleta tabu.

Tatu, ziba pengo kabla halijafunguka. Chanjo ya virusi hai iliyotumika Kentucky wakati wa mlipuko ule ilitokana na virusi vile vile vya Bucyrus. Vilikuzwa kwenye seli za figo la farasi mara 131, kisha za figo la sungura mara 111, kisha za ngozi ya farasi mara 24, hadi vikapoteza ukali na kubaki na sura tu. Sindano hiyo haiwezi kumtibu mchukuzi. Sungusungu waliomo uani hawakosi silaha, wamegeuzwa makazi. Thamani yake kubwa iko kwa mtoto wa kiume wa miezi sita hadi kumi na miwili. Kabla ya miezi sita kingamwili za mama zilizomo mwilini mwake zinaweza kuipinga chanjo. Baada ya mwaka, testosteroni inaanza kupanda. Katikati hapo pana dirisha la miezi michache ambapo unaweza kumjengea kinga dume wa kesho kabla chumba chake cha uani hakijapata umeme. Akichanjwa hapo na kurudiwa kila mwaka, virusi vikija vitamkuta yuko tayari, na nafasi ya yeye kuwa mchukuzi inakuwa ndogo sana.

Majike wajawazito hawachanjwi, hasa miezi miwili ya mwisho, wala vichanga wa chini ya wiki sita. Si kila nchi inaruhusu chanjo hai, kwa hiyo muulize daktari wa mifugo.

Jambo dogo la utaratibu ndilo linaloharibu mengi, nalo ni mpangilio wa sindano mbili. Chanjo huacha kingamwili ambazo maabara haiwezi kuzitofautisha na za ugonjwa. Farasi aliyechanjwa bila kupimwa kwanza anaonekana, kwa karatasi, sawa na aliyewahi kuambukizwa, na afisa wa mpakani hana wajibu wa kumwamini mwenye mali kwa maneno. Kwa hiyo damu hutangulia. Mtoto wa kiume anapimwa, maabara inathibitisha kuwa hana kitu, ndipo anachanjwa, anatengwa siku 28, na karatasi zote mbili zinatiwa sahihi na kuhifadhiwa na hati ya nasaba. Gharama yake ni ya safari mbili za daktari. Asiyezilipa mapema huzilipa baadaye kwa vipimo vya manii, karantini na mnunuzi aliyebadili nia, tena kwa farasi ambaye huenda hajawahi kubeba kirusi hata kimoja.